Molekuli Inayopungua Umri Ukisonga

Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa makambini nchini Malawi walianza kubabuka ngozi shingoni na mikononi. Wengine waliharisha, wengine wakachanganyikiwa. Karanga zilikuwa zimekatika kwenye mgao wao, wakabaki kutegemea mahindi. Zaidi ya 17,000 waliugua pelagra, maradhi ya upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Mgonjwa akipewa vitamini hiyo, hupata nafuu upesi.

Niasini ni mojawapo ya malighafi ambazo mwili hutengenezea NAD+, molekuli iliyogunduliwa mwaka 1906 na Waingereza Arthur Harden na William Young walipokuwa wakichunguza jinsi hamira inavyochachua sukari. Kila seli huitegemea. Hupokea elektroni kutoka kwenye chakula na kuzifikisha kwenye mitokondria, ambako nishati hutengenezwa. Vimeng'enya vinavyokarabati vinasaba vilivyokatika navyo huitumia.

Umri ukisonga, NAD+ hupungua katika tishu nyingi. Kimeng'enya kiitwacho CD38, ambacho huongezeka uzeeni, huichakaza. Je, ikirudishwa, uzee utapunguza mwendo?

Mwaka 2013, kundi la David Sinclair wa Chuo Kikuu cha Harvard liliwapa panya wa miezi 22 kemikali iitwayo NMN, ambayo mwili huigeuza kuwa NAD+. Baada ya wiki moja, baadhi ya vipimo vya seli za misuli yao vilifanana na vya panya wa miezi 6. Nguvu za misuli, hata hivyo, hazikurudi. Habari hiyo ya pili haikuvuma, na vidonge vya NMN vikawa biashara kubwa.

Kwa binadamu, matokeo ni ya wastani. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walichapisha jaribio la wanawake 25 waliokoma hedhi, wenye uzito uliozidi na walio ukingoni mwa kisukari. Waliomeza miligramu 250 za NMN kila siku kwa wiki 10, misuli yao iliitikia insulini vizuri zaidi. Uzito na shinikizo la damu havikubadilika.

Tofauti kati ya wazee na wakimbizi wale iko wazi: wakimbizi walipungukiwa na malighafi. Mzee anayekula vizuri hana upungufu huo. Kinachomsumbua ni matumizi ya NAD+ yaliyozidi na utengenezaji wake uliozorota. Huo wa pili mazoezi huusaidia: katika utafiti wa Denmark, wiki 12 za mazoezi ziliongeza kwenye misuli ya wazee kimeng'enya NAMPT, kinachotengeneza NAD+.