Kaskazi yetu na theluji ya Wajapani

Kila siku asubuhi wakati wa baridi, katika milima ya Japani ambako watu huenda kuteleza kwa mbao, hutolewa tangazo fupi la hali ya theluji. Tangazo hilo hueleza theluji imelala kina cha sentimita ngapi kileleni na ngapi chini bondeni, iliyoanguka tangu jana ni kiasi gani, baridi imefika wapi, upepo unavuma kwa nguvu gani, na njia zipi zimefunguliwa. Mtu asiyelisoma huenda akapanda mlima asishuke salama.

Msomaji wa Likoni au Kisauni atauliza: yatuhusu nini hayo, sisi ambao barafu yetu ni ile ya kupozea samaki? Subira, ndugu msomaji. Theluji ile na upepo uvumao mlangoni petu ni jamaa, na liko jambo ambalo Wajapani hulifanya kila asubuhi, ambalo wazee wetu walilifanya, nasi leo twaliacha lipotee.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Theluji ni thalj ya Kiarabu. Sisi tuliopita chuoni tulilikuta neno hilo utotoni, katika ile dua ya kufungulia sala ambamo mja humwomba Mola amwoshe madhambi yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Tuliihifadhi tukiwa tumekaa jamvini, jasho likitutiririka, na hapana hata mmoja miongoni mwetu aliyepata kuiona theluji. Barafu nayo ina nasaba na barf, na kwa Waajemi barf ndiyo theluji yenyewe. Basi maneno yote mawili yalivuka bahari, na chombo cha kuvukia bahari zama hizo kiliendeshwa na upepo.

Upepo huo ndio kiini cha maneno yangu. Kuanzia Desemba hadi Machi bara la Asia hupoa mno. Hewa iliyopoa huwa nzito, ikatambaa kutoka bara kuelekea baharini. Ile itokayo Siberia hupita juu ya Bahari ya Japani, ambayo maji yake yana vuguvugu kuliko hewa hiyo, ikafyonza unyevu. Ifikapo kwenye milima hulazimika kupanda, ikapoa zaidi, na ule unyevu ukaanguka theluji. Ndiyo sababu nchi ile ina theluji ya ajabu. Tarehe 14 Februari 1927, katika Mlima Ibuki, ilipimwa theluji ya kina cha sentimita 1,182, yaani karibu mita 12. Mnazi wa kadiri hapa Mtongwe ungebakisha makuti tu.

Upande wa pili wa bara hilohilo, hewa iliyopoa huteremkia Bahari ya Hindi ikavuma hata kwetu, nasi twaiita kaskazi. Hiyo ndiyo iliyoleta majahazi ya Waarabu na Wahindi katika Bandari ya Kale, yakangoja kusi iyarudishe makwao. Waarabu waliuita wakati huo mausim. Mabaharia wa Kizungu walilichukua neno hilo wakaziita pepo zetu, nasi kwalo tukapata msimu. Basi miezi ambayo Mjapani anapima theluji ndiyo miezi ambayo mvuvi wa Timbwani anatweka tanga kwa kaskazi. Baridi ni ile moja ya Asia. Wao imewanyeshea, sisi imetupepea.

Wakenya wenzetu wamekwisha kuionja baridi hiyo. Mwezi wa Februari 1998 michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika Nagano, na hali ya hewa ikawatoa watu jasho. Mashindano ya wanaume ya kuteremka mlima kwa kasi, yaliyopangwa tarehe 8 kule Hakuba, yaliahirishwa tena na tena, yakafanyika tarehe 13. Katikati ya vurugu hizo, tarehe 12, alisimama Philip Boit, mwanariadha kutoka Bonde la Ufa aliyeanza kuijua theluji miaka miwili tu nyuma, akashindana katika mbio za kilomita 10. Mvua ilikuwa imeilowesha theluji. Theluji iliyolowa hunata mbaoni, na kila aina ina nta yake ya kupaka chini ya mbao, mfano wa mabaharia wetu wapakavyo chombo deheni. Boit alimaliza wa 92, nyuma ya wote, kwa dakika 47 na ushei. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amemngoja kwenye mstari wa mwisho kwa takriban dakika 20, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Daehlie.

Mwaka 2018, huko Pyeongchang, Korea Kusini, zamu ilikuwa ya Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, hapo juu tu ya njia ipitayo Kisauni na Bamburi, aliyelelewa Austria tangu udogoni. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo hiyo ya baridi. Na huko nako upepo ulichafua ratiba, hata mashindano mojawapo ya wanawake yakasogezwa kutoka tarehe 12 Februari hadi 15.

Sasa nirudi kwenye tangazo la Wajapani. Lililonivutia zaidi katika tangazo hilo ni kwamba haliishi kwenye hesabu. Baada ya sentimita huja tabia ya theluji yenyewe, na Wajapani wana majina ya tabia hizo. Theluji kavu na laini ni konayuki, na maana yake ni theluji ya unga. Ile iliyoyeyuka ikaganda tena ikawa chengachenga huitwa zarame, kama sukari yao ya chenga kubwa. Mwenye kusikia jina hujua mbao zitakwendaje, nta gani ipakwe, na aanguke wapi asiumie. Hesabu humwambia theluji ni kiasi gani; jina humwambia itamtenda nini.

Nasi je? Pwani ya Timbwani nilimkuta kijana akitazama upepo katika simu yake, na karibu naye babu yake amekaa juu ya ubao wa ngalawa akishona wavu.

"Babu, leo upepo una kilomita ishirini na tano," alisema kijana.

"Jina lake nani?"

"Una kilomita ishirini na tano, babu, watoka kusini mashariki."

"Sikukuuliza mbio zake, mjukuu wangu. Nimekuuliza jina lake."

Kijana alinyamaza, na mimi nikaona kwamba neno la mzee halikuwa la mzaha. Mwenye kujua kwamba upepo huu ni umande, anajua kuwa watoka bara alfajiri, utampeleka nje, na jua likipanda utakufa, basi ajipange kurudi na upepo wa baharini. Mwenye kujua kwamba haya ni maleleji, majira ya tanga mbili, haamini utulivu wa asubuhi, maana upepo wageuka bila ya kubisha hodi. Akiambiwa demani, anajua kusi imelegea na safari zimefunguka. Wazee waliihesabu miongo, siku kumikumi, tangu Siku ya Mwaka, na kila mwongo ukawa na habari zake za upepo, mvua na samaki. Hayo yalikuwa ndiyo matangazo yetu ya kila asubuhi.

Wala sisemi hesabu zitupwe. Kimbunga Hidaya kilipopiga Kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei 2024, wavuvi wa pwani yetu walikuwa wametahadharishwa na wenye vyombo vya kupimia, si na miongo ya Nairuzi. Asiyesikia tahadhari kama hiyo ameuza roho yake. Lakini habari za hewa nizisikiazo redioni mara nyingi hunena "upepo wa wastani", na mvuvi wa Likoni haijui bahari ya wastani. Zikitaja kusi, matlai na umande pamoja na kilomita zake, mzee na mjukuu watasikiliza redio moja.

Vipimo tunavyo, kiko kituo cha hali ya hewa katika uwanja wa ndege pale Changamwe. Majina yamo vifuani mwa wazee wa Timbwani, Mtongwe na Mkomani, na wazee hao wanapungua. Kamati za wavuvi na walimu wa shule za bara yetu wakae nao, waandike kila jina, majira yake na tabia yake, kisha wawape watangazaji. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi, yataka daftari na adabu ya kusikiliza. Wahenga walituusia tusisafirie nyota ya mwenzio. Mjapani anaijua theluji yake kwa jina. Na sisi tuujue upepo wetu.