Gari la Zamani Linapositasita: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye



Ukitoka Nakawa na kufuata Barabara ya Port Bell, unafika Bugolobi, penye majumba ya ghorofa, maghala ya kahawa yaliyokuwa ya Coffee Marketing Board, na reli iendayo bandarini. Huko, kama katika mitaa mingine ya Kampala, bado yako magari yaliyotengenezwa kabla wengi wetu hatujazaliwa: Peugeot 404, Volkswagen Beetle, Morris Minor, Land Rover. Hayakudumu kwa bahati. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya East African Safari mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Na baada ya 1972, serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia na vipuri vikaadimika madukani, mafundi wetu walilazimika kutengeneza kilichovunjika badala ya kutupa.

Leo twataka kuzungumza juu ya ugonjwa mmoja wa magari hayo. Dereva anakanyaga mafuta, injini inasita, inakohoa, kisha ama inashika au inazima. Ugonjwa huu si wa kudharau. Anayeingia Barabara ya Port Bell mbele ya lori lililojaa mizigo hana nafasi ya kusubiri injini ifikiri.

Lakini iko hatari nyingine, nayo ni ya mfuko. Mwenye gari anaambiwa anunue koili. Kesho anaambiwa pampu. Wiki ijayo kabureta. Mshahara wa mwezi umekwisha, na gari bado linakohoa. Baadaye inaonekana kuwa mkosaji alikuwa waya mdogo kuliko kijiti cha kiberiti.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: petroli ya kutosha, hewa kwa kipimo, na moto kwa wakati wake. Ndivyo ilivyo kwa gari, na ndivyo ilivyo kwa pampu ya maji ya shambani au jenereta ya petroli kiwandani. Kwa hiyo haya yatamfaa hata asiye na gari.

INASITA LINI?

Swali la kwanza si "nini kimeharibika?" bali "inasita lini?" Dereva aulizwe vizuri kabla boneti haijafunguliwa.

Kama inasita pale tu mguu unapogusa pedali, kisha inashika vizuri, tazama pampu ndogo iliyo ndani ya kabureta. Zima injini, iache ipoe, ondoa chujio la hewa, chungulia kooni mwa kabureta na usukume mkono wake. Lazima uone petroli ikiruka mara moja kama mkojo wa mtoto. Isiporuka, au ikichelewa, ngozi ya pampu imepasuka au tundu limeziba. Morris Minor yenye kabureta ya SU haina pampu hiyo. Yenyewe hutegemea mafuta mepesi ya injini yaliyo ndani ya kizibo cha juu. Yakikauka, gari husita vile vile, na dawa yake ni matone machache ya mafuta.

Kama inakwenda vizuri mjini lakini inafifia kwenye mlima au mwendo mrefu, petroli haifiki ya kutosha. Anza na kifuniko cha tangi. Kilegeze, ukisikia hewa ikifyonzwa na gari likapata nguvu, tundu la kupumulia limeziba. Halafu tazama chujio. Tangi lililokaa miaka bila kazi huota kutu, na kutu hiyo husafiri mpaka kwenye jeti.

Kama inakatika ghafla kama taa inayozimwa na kuwashwa, shuku umeme. Fungua distributa. Pointi, ambazo wengine huziita platini, zikiwa zimeungua na kufanya vilima na mashimo, kondensa huenda imechoka. Usiku, injini ikiwaka gizani, tazama nyaya za plagi; cheche zikitambaa nje, waya umepasuka.

Na hapa ndipo alipo yule mkosaji mdogo. Ndani ya distributa mna waya laini uendao kwenye pointi. Dereva anapokanyaga mafuta, sahani inayobeba pointi husogea, na waya huo hujikunja. Baada ya miaka mingi hukatika ndani huku ganda lake likiwa zima. Gari likiwa limesimama, linaunguruma vizuri. Likikanyagwa, linakufa. Kabureta inalaumiwa bure.

Kama inasita baada ya foleni ndefu ya Jinja Road, na ikipoa inapona, huenda petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Kitambaa chenye maji juu ya pampu kitakuambia ukweli. Lakini tazama pia kama bomba limewekwa karibu mno na ekzosi.

Kama inasita wakati wote na mwendo wa kusimama haukai sawa, huenda hewa inaingia kwa mlango wa wizi. Nyunyizia maji kidogo ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na manifoldi. Mlio ukibadilika, gasketi imekwisha. Usitumie petroli kwa kipimo hiki. Wako waliopoteza ngozi ya uso kwa njia hiyo.

UREFU WA KAMPALA

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani humwaga petroli nyingi mno hapa. Plagi zitakupa ushahidi: rangi ya kahawia kavu ni afya, masizi meusi ni petroli nyingi, weupe ni petroli haba, unyevu wa mafuta ya injini ni maradhi ya ndani ya silinda.

Utaratibu basi ni huu. Kwanza nafasi ya valvu. Pili plagi, nyaya na pointi. Katika magari mengi ya silinda nne ya wakati ule nafasi ya pointi ni karibu milimita 0.4, lakini fuata kitabu cha gari. Tatu timingi, maana ukigusa pointi umeigusa na timingi. Nne njia ya petroli na mianya ya hewa. Kabureta ifunguliwe mwisho. Na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya.

KUPIMA NI KAZI

Kwa nini basi vipuri hununuliwa ovyo? Tusiwaite mafundi wote wajinga au wezi. Mwenye gari hukubali kulipia kipuri anachokiona, lakini fundi akikaa saa mbili akipima na kugundua waya, huambiwa, "Waya tu? Nikulipe nini?" Kijana wa gereji asiye na mshahara wa mwezi anajifunza haraka kwamba maarifa yake hayamlishi, kipuri ndicho kinachomlisha. Hapo kubahatisha kunakuwa kazi, na kupima kunakuwa hasara.

Twasema wazi: kupima ni kazi, na kazi ilipwe. Mwenye gari na fundi wapatane bei ya kupima kabla ya spana kushikwa. Kipuri kikibadilishwa, cha zamani kirudishwe kwa mwenyewe. Wote wawili watapata faida.

Na vijana wa gereji walindwe. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Petroli isinyonywe kwa mdomo kwa mpira. Ikiingia mapafuni huweza kuua. Isiwe sabuni ya kunawia mikono. Na kizima moto kiwe karibu, si ofisini kwa meneja.

Ndugu, mwenye gereji atamiliki spana na jeki, lakini maarifa ya kusikiliza injini ni mali ya fundi mwenyewe. Tuyafundishe kwa wanaotufuata, na tudai thamani yake.