Ngiri Si Gunia Peke Yake

Mjomba alipopata ngiri, mtaa mzima ulilaumu magunia ya viazi. Mimi nikabisha: mbona wachukuzi wenzake ni wazima?

Ukuta wa tumbo hushikwa na nyuzi za kolajeni. Mwili huzijenga na kuzibomoa. Wabomoaji ni vimeng'enya, kama kolajenesi. Ubomoaji ukishinda ujenzi, ukuta hulegea, nao utumbo huchungulia nje. Mwaka 1970 mpasuaji Raymond Read wa Marekani alieleza kuwa utando wa tumbo la wagonjwa wa ngiri ni mwembamba hata mbali na tundu lenyewe. Baadaye akashuku sigara, kwani moshi huchochea vimeng'enya. Gunia husukuma tu palipokwisha kulegea.

Lo! Mjomba humaliza pakiti kwa siku. Daktari kamwonya: asipoacha, hata mshono waweza kuachia. Jana nimenusa moshi chooni.