Mnara wa Simu na Ulimi wa Mwalimu

Mwaka jana ulisimamishwa mnara wa simu karibu na chuo chetu cha Kurani. Haikupita wiki ila khabari zilikwisha enea mtaani kuwa mnara ule hutoa miale yenye kuozesha bongo za watoto. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulikuwa miongoni mwa walioieneza khabari hiyo. Tuliisema mbele ya wanafunzi bila ya kuipeleleza. Siku chache baadaye wazazi wakawatoa watoto saba chuoni.

Hapo tukaona haya. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotufunza kuichungua khabari kabla ya kuifuata, tumeisomesha miaka mingi, na sisi wenyewe tumeivunja. Basi tukamwendea kijana mmoja tuliyempa alifu na be, ambaye leo anasomesha fizikia katika skuli ya sekondari, tukaketi mbele yake kama wanafunzi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Simu na mnara husemezana kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo ni ya ukoo mmoja na nuru ya jua na eksirei za hospitali, lakini jamaa wa ukoo mmoja hawalingani nguvu. Eksirei zaweza kuzivunja chembe ndogo kabisa za mwili, na ndiyo maana hutumiwa kwa hadhari. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Taathira yake iliyothibitika ni kuupasha mwili joto kidogo, na kwa ajili hiyo ikawekwa mipaka: Ulaya, na katika nchi nyingi nyingine, kichwa kisipokee zaidi ya wati 2 kwa kilo, Marekani, wati 1.6.

Ama khabari ya saratani, asili yake ni hii. Mwaka 2010 ulitangazwa uchunguzi wa nchi 13, ulioitwa Interphone. Kwa jumla haukuona kuwa watumiaji wa simu hupatwa na uvimbe wa ubongo zaidi ya wengine. Palikuwa na shaka juu ya wale wachache waliozungumza saa nyingi mno, lakini wachunguzi wenyewe walisema kuwa kasoro za uchunguzi zinazuia kukata shauri. Mwaka 2011 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani ikayatia mawimbi haya katika fungu la 2B, yaani mambo ambayo huenda yakaleta saratani. Tumbaku imo katika fungu la 1, la mambo yaliyothibitika. Watu wakalichukua neno "huenda" wakaligeuza "hakika". Kisha mwaka 2024 ukatoka uchunguzi ulioagizwa na Shirika hilo, uliozikusanya tafiti 63. Nao haukuona uhusiano baina ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliozitumia kwa miaka 10 na zaidi.

Na mnara je? Taa kubwa iliyo juu ya mnara wa msikiti haikuunguzi. Kibatari kilicho karibu na shavu ndicho uchelee. Mawimbi nayo hupungua upesi kwa umbali, hata mtu hupata mengi zaidi kwa simu iliyo sikioni mwake kuliko kwa mnara wa mtaani. Tena, mtu aliye ng'ambo ya hori hupaza sauti ili asikiwe, na akikaribia husema polepole. Ndivyo ifanyavyo simu: mnara ukiwa mbali huzidisha nguvu, ukiwa karibu huipunguza. Basi mzazi aliyemtoa mwanawe penye mnara, kisha akamwacha azungumze na simu sikioni mahali penye mtandao dhaifu, amemzidishia kile kile alichokikimbia.

Atakaye hadhari zaidi, njia ni nyepesi: azungumze kwa ufupi, atumie hedifoni au spika ili simu ikae mbali na kichwa, wala asirefushe maneno penye mtandao dhaifu. Lakini yako madhara ya simu yasiyo na "huenda". Shirika la Afya Duniani lasema kuwa dereva atumiaye simu huelekea kupata ajali kiasi cha mara 4 kuliko asiyetumia. Ajabu yetu ni kuwa baba huogopa mnara usiomgusa, na huku amempakia mwanawe garini, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili umeshika simu.

Jumamosi iliyofuata tuliwaambia wanafunzi wetu wazi kuwa tulikosea. Kisha tukazipigia hodi nyumba saba. Watoto watano wamerejea, wawili bado, na wazee wao wanatujibu, "Mwalimu, si wewe uliyesema?" Jibu hilo limetufunza kuwa neno la mwalimu lina miguu ya kwendea, wala halina ya kurudia. Enyi vijana, ikiwafikia khabari ya kutisha, iulizeni kwanza kwa wajuzi kabla ya kumpelekea mwenzenu.