Siyo Uvivu, Saa Imehama

Mzazi mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, ameleta swali ambalo naamini linaulizwa katika nyumba nyingi. Mwanawe alikuwa mwepesi wa kulala na kuamka mpaka alipomaliza darasa la saba. Sasa yuko kidato cha kwanza. Saa nne usiku macho makavu. Saa kumi na moja alfajiri, wakati wa kwenda kugombea daladala, ataitwa, atatikiswa, atavuliwa shuka, na dakika tano baadaye atakutwa amelala tena, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Shuleni anasinzia. Nyumbani ananuna, na ukimgusa kidogo anafoka. "Ni simu, ni makundi mabaya, au nimemdekeza?" anauliza mama huyu.

Ushauri wa kulea vijana wanaobalehe tumeshausikia kanisani, msikitini na kwenye vikao vya shule: zungumza nao, wajue marafiki zao, punguza fimbo. Ni mzuri na sitaurudia. Mimi nimevutwa na ile soksi ya mkononi.

Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Mary Carskadon alianza kukusanya watoto kwenye kambi ya likizo ambayo shughuli yake kubwa ilikuwa kulala. Walibandikwa nyaya kichwani, wakapewa saa kumi za kukaa kitandani, na mwaka uliofuata wakaitwa tena. Ilidhaniwa kwamba kadiri mtoto anavyokua ndivyo haja yake ya usingizi inavyopungua. Haikuwa hivyo. Wadogo kwa wakubwa walilala takriban saa tisa, na wale waliokwisha kubalehe ndio waliosinzia zaidi mchana. Baadaye, mwaka 1993, Carskadon na wenzake walionyesha kwamba kupenda kuchelewa kulala kunakwenda sambamba na balehe yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuishitaki simu, tuutazame mwili.

Usingizi unaongozwa na mambo mawili, kwa mujibu wa nadharia iliyotolewa na Alexander Borbély wa Zurich mwaka 1982. La kwanza ni ile hali inayopanda kadiri unavyokaa macho. Wako wanaoiita shinikizo la usingizi, jina ambalo silipendi. Linasikika kama ugonjwa, ndugu wa shinikizo la damu. Mimi nitaiita kiu ya usingizi: inapanda, inakatwa, kesho inarudi, na hakuna anayelazwa hospitali kwa ajili yake. La pili ni saa ya mwili, kundi la seli zipatazo 20,000 lililo ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Seli hizo hupiga mdundo wa takriban saa 24 hata ukifungiwa pangoni.

Sasa fikiria daladala kituoni. Haliondoki mpaka mambo mawili yakutane: abiria wajae, na konda apige bodi. Abiria ni adenosini, kemikali inayobaki seli za ubongo zinapotumia nishati. Tangu unapofumbua macho asubuhi wanapanda, mmoja mmoja, na kila anayepata kiti anazidisha uzito wa kope zako. Konda ndiye saa ya mwili. Jioni konda huyu ana vituko: abiria wameshakuwa wengi, lakini anasimama mlangoni na kulizuia gari. Ndiyo maana muda mfupi kabla ya kulala mtu huchangamka bila sababu. Giza likikolea, konda anatoa ishara yake, homoni ya melatonini, na gari linaondoka. Usiku kucha abiria wanashuka kituo kwa kituo, na asubuhi gari linafika mwisho wa safari likiwa tupu.

Mtazame mtoto wa miaka tisa. Abiria wake wanakuja kwa makundi. Saa mbili usiku hakuna pa kuweka mguu. Akibalehe, mambo mawili hubadilika. Kwanza, abiria wanaanza kuja kwa kudonoadonoa, hata saa nne usiku viti vingine bado vitupu. Hili lilionekana mwaka 2005 katika mawimbi ya umeme wa ubongo, kwenye utafiti wa Oskar Jenni, Peter Achermann na Carskadon. Pili, konda naye anasogeza mbele muda wake wa kuondoka, kwa saa moja hadi mbili. Kijana anayepanda kitandani saa tatu kwa sababu baba amesema, amekaa ndani ya gari ambalo halijajaa na konda wake hajapiga bodi.

Mpe na chai. Kafeini inafanana na adenosini kiasi cha kuweza kukalia kiti chake bila kufanya kazi yake. Hiyo ni mikoba iliyowekwa vitini. Abiria hawajaenda kokote. Wamesimama pale kituoni na wanazidi kuongezeka. Mikoba ikishaondolewa, saa kadhaa baadaye, wanajazana mlangoni wote kwa mpigo. Chai ya rangi ya saa moja jioni, au soda ya kola, inapanga mikoba hiyo vitini karibu kabisa na muda wa kuondoka.

Muwashie na taa. Nyuma ya jicho zimo seli zenye melanopsini, ambazo David Berson na wenzake walizieleza mwaka 2002. Kazi yake kubwa ni kumpasha konda habari kama bado ni mchana. Zinaitikia hasa mwanga wenye rangi ya samawati, ambao umejaa kwenye balbu nyeupe na kwenye kioo cha simu. Kituo kikiwaka hivyo, konda anaamini bado mapema.

Halafu saa kumi na moja alfajiri anatokea mzazi na kulisimamisha gari katikati ya safari. Abiria ambao hawajashuka wamebaki vitini, na ndio wanaokaa na mwanafunzi kwenye kipindi cha kwanza cha hisabati. Isitoshe, vituo vilivyorukwa ni vya mwishomwisho, ambako usingizi wa ndoto ndio mwingi, usingizi ambao watafiti wengi wanauhusisha na kutuliza hisia. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2007 huko Marekani, vijana wa zaidi ya miaka 18 walinyimwa usingizi, kisha wakaonyeshwa picha za kukera huku ubongo wao ukipigwa picha. Amigdala, sehemu inayohusika sana na woga na hasira, iliitikia kwa takriban asilimia 60 zaidi kuliko kwa wenzao waliolala. Mama wa Mbagala, sehemu kubwa ya ule mnuno inatoka huku.

Kwa nini maumbile yatuchezee hivi? Jibu moja tamu limetoka hapahapa Tanzania. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti kwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walipimwa usingizi kwa siku 20, na katika siku zote hizo zilipatikana dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Wazee walilala mapema na kuamka mapema. Wenye umri mdogo walichelewa. Kambi ilikuwa na walinzi usiku kucha bila mtu kupangiwa zamu. Huenda basi mwanao anayeranda sebuleni saa tano usiku yuko lindoni.

Shule ikiamua, inaweza kusogea. Mwaka 2016 jiji la Seattle lilihamisha kengele ya shule za sekondari kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi. Wanafunzi wa shule mbili walivalishwa vipimo vya mkononi, kabla na baada ya badiliko hilo. Wengi walitabiri kwamba vijana wangechelewa kulala zaidi na kuipoteza faida. Kumbe waliongeza dakika 34 za usingizi, kutoka saa 6 na dakika 50 hadi saa 7 na dakika 24. California ikafuata kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022: sekondari za juu zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi.

Majirani zetu Kenya wanayo kanuni ya elimu ya msingi ya mwaka 2015, inayotaka masomo ya shule za kutwa yaanze saa 2:00 asubuhi, na wanafunzi wa bweni wawe kitandani kuanzia saa 3:30 usiku hadi saa 12:00 asubuhi. Ni saa nane na nusu, ndani ya kiwango cha saa 8 hadi 10 ambacho wataalamu wa usingizi wanapendekeza kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Lakini waliosoma bweni, huko na huku, wanajua kengele ya saa kumi alfajiri inavyolia.

Nyumbani yapo ya kufanya leo. Chai na kola ziishie alasiri. Baada ya saa mbili usiku punguzeni taa, na simu ilale chumbani kwa wazazi, pamoja na ya baba. Sare, madaftari na viatu viandaliwe jioni ili alfajiri ipate dakika ishirini zaidi. Jumamosi mwache alale kidogo, asipitilize hadi mchana, maana konda atahama tena. Kijana ambaye kwa wiki kadhaa halali, hali na amejitenga na wenzake, huyo mpeleke kwa daktari.

Lakini yote hayo yanarudisha dakika, na kijana anadaiwa saa nzima. Saa hiyo wameishika walimu wakuu na kamati za shule, kwenye masomo ya ziada ya alfajiri na kengele ya namba. Kikao kijacho cha wazazi, kabla hamjafika kwenye michango ya madawati, nyoosheni mkono muulize: kipindi cha kwanza kinaanza saa ngapi, na ni nani aliyeamua?