Krete: Kisiwa kinachodai mpango kabla ya tiketi

MSAFIRI anayeitazama ramani ya Ugiriki kwa mara ya kwanza hukiona kisiwa cha Krete kama ukanda mwembamba uliolala kusini mwa nchi hiyo, akadhani kwamba siku tano zinatosha kukizunguka chote. Dhana hiyo imewagharimu wengi fedha na mapumziko yao.

Krete ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi ni kilometa 260 hivi, na katikati yake imesimama milima mirefu, ukiwamo Psiloritis wenye kimo cha meta 2,456. Barabara kuu hufuata pwani ya kaskazini. Anayetaka kwenda fukwe za kusini hulazimika kuvuka milima kwa barabara nyembamba zenye kona nyingi, ambako safari ya kilometa 70 huweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kuamua ni mji wa kufikia.

Heraklion, ambao ndio makao makuu ya kisiwa, humfaa mwenye hamu ya historia, kwa kuwa magofu ya Knossos yako kilometa tano tu kutoka mjini. Chania, ulio magharibi, una bandari ya kale iliyojengwa na Waveneti na uko karibu zaidi na fukwe zinazosifiwa sana. Rethymno upo kati ya miji hiyo miwili, na una ufukwe mrefu wa mchanga unaoanzia mjini penyewe. Kwa upande wa mashariki, Agios Nikolaos ni mji mtulivu unaowafaa wasiopenda msongamano.

Kutoka Heraklion hadi Chania ni mwendo wa kilometa 140 hivi. Miji yote miwili ina viwanja vya ndege vya kimataifa, hivyo mwenye siku saba au nane anaweza kuingilia Heraklion na kutokea Chania, akalala siku tatu katika mji wa kwanza na zilizobaki katika mji wa pili. Kwa mpango huo haipotei siku nzima kwa kurudi alikotoka. Wapo pia wanaopanda meli ya usiku kutoka bandari ya Piraeus, karibu na Athens, wakaamka asubuhi wamefika Krete.

Jambo la pili ni majira. Julai na Agosti ni miezi ya jua kali, watu wengi na bei za juu. Ndiyo pia miezi ya meltemi, upepo wa kaskazini unaoweza kuvuma siku kadhaa mfululizo na kuichafua bahari ya pwani ya kaskazini. Mei na Juni mapema mashamba bado yana maua na njia za milimani zinapitika kwa raha, ingawa maji ya bahari hayajapata joto la kutosha. Septemba bahari huwa ingali na joto la kiangazi huku umati ukianza kupungua. Kuanzia Novemba hoteli nyingi za ufukweni hufungwa hadi majira ya kuchipua.

Kwa upande wa mambo ya kale, Knossos ndiyo inayotangulia. Hapo palikuwa na kasri kubwa la Waminoa, watu waliostawi kisiwani humo zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Mwaka 1900 Mwingereza Arthur Evans alianza kulichimbua, kisha akajenga upya baadhi ya sehemu zake kwa saruji, kazi ambayo wataalamu wanaibishania mpaka leo. Julai 2025 UNESCO iliyaingiza makasri sita ya Waminoa, Knossos likiwamo, katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Ni vema mgeni afike Knossos mara lango linapofunguliwa, kwani kivuli ni haba na misafara ya watalii huanza kumiminika mapema. Saa za mchana zitumike katika Jumba la Makumbusho la Heraklion, lililohifadhi michoro ya ukutani iliyotolewa Knossos pamoja na kisahani cha udongo cha Phaistos. Kisahani hicho kilipatikana mwaka 1908, na maandishi yake hayajasomeka hadi sasa. Asiyepitia makumbusho hayo huweza kuondoka Knossos akiwa ameona mawe tu.

Anayefikia mashariki anaweza kupanda boti kwenda Spinalonga, kisiwa kidogo chenye ngome ya Waveneti kilichogeuzwa kuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma hadi mwaka 1957.

Kuhusu fukwe, mbili zinazotajwa sana ziko magharibi. Elafonisi inajulikana kwa mchanga wake wenye rangi ya waridi na maji mafupi yanayowafaa watoto. Ni eneo linalolindwa, na hairuhusiwi kuondoka na mchanga wake. Balos hufikiwa kwa boti kutoka Kissamos, au kwa barabara mbovu ya vumbi na kisha kwa miguu. Kila moja huhitaji siku yake; anayezibana zote mbili katika siku moja huishia kuiona barabara kuliko bahari. Katika ufukwe wa Rethymno, ambako kasa hutaga mayai wakati wa kiangazi, wageni hutakiwa kutogusa sehemu zilizozungushiwa alama.

Palipo na walinzi wa ufukweni, bendera nyekundu maana yake ni kutoingia majini, hata kama jua linawaka na anga ni nyeupe.

Suala la joto halipaswi kupuuzwa. Juni 2024, joto kali lilipoingia Ugiriki mapema kuliko kawaida, watalii kadhaa walikufa wakitembea kwa miguu visiwani, akiwamo daktari na mtangazaji wa Uingereza, Michael Mosley, aliyekutwa amefariki katika kisiwa cha Symi. Julai 2025 moto wa nyika karibu na Ierapetra, kusini mashariki mwa Krete, uliwalazimu zaidi ya watu 1,000 kuhamishwa, wakiwamo wageni wa hotelini.

Tahadhari hiyo inalihusu zaidi korongo la Samaria, lenye njia ya kilometa 16 inayoteremka kutoka Omalos hadi kijiji cha Agia Roumeli. Kwa kawaida hufunguliwa kuanzia Mei hadi Oktoba, lakini hufungwa siku za joto kali au mvua. Agia Roumeli haina barabara. Mtembeaji huondoka kwa boti, kwa hiyo ratiba ya boti ijulikane kabla ya kuanza kuteremka. Viatu imara, kofia na maji ni lazima. Namba ya dharura ni 112.

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, na anayesubiri siku za mwisho hujiweka hatarini. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari inapaswa kugharimia matibabu ya angalau euro 30,000, na pasipoti iwe hai kwa miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka. Anayekusudia kukodi gari abebe pia leseni ya kimataifa ya udereva. Asiyeendesha atategemea mabasi, yanayounganisha vizuri miji ya kaskazini lakini ni machache kuelekea kusini.

Katika bajeti, msafiri asisahau kodi ya serikali inayotozwa kwa kila chumba kwa kila usiku, ambayo hupanda kadiri nyota za hoteli zinavyoongezeka na mara nyingi hulipwa hotelini, nje ya bei iliyoonekana wakati wa kuweka nafasi.

Wahenga walisema mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Kwa Krete, siku saba zinatosha kwa miji miwili, kasri moja, makumbusho, fukwe mbili na siku moja ya kupumzika bila ratiba yoyote. Nusu nyingine ya kisiwa isubiri safari ijayo.