Kihariri Kinachojua Kinachosema

Kipanya hakimfai asiyeona, kwa sababu lazima jicho lifuate kishale kinapokwenda kwenye skrini. Kibodi haina sharti hilo. Kila kitufe kina mahali pake, na vidole vikishagusa vialama vilivyoinuka juu ya F na J, vingine vyote vinajulikana vilipo. Kuandika, basi, si shida. Shida ni kujua ulichoandika.

Programu za kusoma skrini hutamka maandishi hayo. NVDA, ambayo ni ya bure, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha Jamie Teh akajiunga naye, wote wawili wasioona. Ukibonyeza mshale wa chini unasomewa mstari. Mshale wa kulia, herufi. Ukishikilia Ctrl pamoja nao, neno zima.

Lakini aliyelifikiria jambo hili kwa undani zaidi, kwa maoni yangu, ni T. V. Raman, mwanasayansi wa kompyuta mzaliwa wa India aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 14. Mwaka 1995 alitoa Emacspeak, iliyojengwa ndani ya Emacs, kihariri cha tangu miaka ya 1970 kinachoendeshwa chote kwa kibodi. Raman aliona kwamba kusoma kilichochorwa kwenye skrini si sawa na kukijua. Chukua kalenda. Kisoma skrini kikipita juu yake kitataja tarakimu za wiki moja mfululizo, na msikilizaji ahesabu mwenyewe ni siku gani. Emacs inaijua siku ambayo kishale kimesimama. Emacspeak huichukua humo humo, ikamtajia siku, tarehe, mwezi na mwaka.

Waandishi wa programu wanafaidi Emacspeak zaidi. Katika msimbo wao, maneno ya amri yana sauti yake, maelezo ya pembeni yana yake, na maandishi ndani ya alama za nukuu yana yake. Ukisahau kufunga nukuu, sauti ile inaendelea pasipostahili, na kosa linasikika papo hapo.

Kiswahili nacho kimo: eSpeak NG, injini ya sauti inayokuja na NVDA, inakitamka. Ni muhimu kuichagua lugha hiyo, maana sauti ya Kiingereza huyavuruga maneno yetu vibaya.

Wewe unayetengeneza programu, chomoa kipanya, zima skrini, washa kisoma skrini. Andika ukurasa mmoja kwa programu yako, uuhifadhi, uufunge, uufungue tena. Popote utakapokwama, parekebishe kabla hujaitoa kwa watu.